Sahani Hairudi Tupu

Ilianza siku ya Jumanne, saa tisa na robo alasiri, juma la kwanza la likizo. Mjomba wangu aliliinua pazia linalotenga duka lake na sebule yetu akasema, "Wewe mwenye subira, njoo nikupe kazi."

Saa ninaijua kwa sababu Bibi alikuwa ametoka tu kuniuliza, kama anavyouliza kila siku akingojea sala ya alasiri, na simu ilikuwa bado mkononi mwangu.

Sisi tunakaa Kisenyi. Mbele ni duka la Mjomba, nyuma ya pazia ni sebule, nyuma ya sebule ni vyumba na uwa mdogo ambapo Bibi anapikia udi wake wa maharusi. Mama huondoka alfajiri kwenda kuuza vitambaa soko la Nakawa, kwa hiyo mchana nyumba ni ya watu watatu: Bibi, kaka mdogo wa mama yangu ambaye ndiye Mjomba, na mimi niliyemaliza muhula wa pili wa sinia tatu, yaani kidato cha tatu.

Mjomba ni fundi wa umeme wa vitu vidogo, na riziki yake kubwa inatoka Japani. Vitu vya huko vinaingia mjini vimetumika, ndani ya makontena pamoja na matairi na viti vya magari: majiko ya wali, feni, redio, pasi. Vizuri, vigumu, havichakai upesi. Lakini vimezoea umeme wa kwao, ambao ni mdogo, haufiki nusu ya huu wetu. Mtu anakinunua, anafika nacho nyumbani na furaha yake yote, anakichomeka ukutani moja kwa moja bila transfoma. "Puu," husema Mjomba, na hufungua vidole kama moshi unaopanda. Puu hiyo ndiyo inayotuwekea sukari kwenye chai.

Ana desturi moja. Akishatengeneza kitu, hakitoki dukani mpaka kimefanyiwa kazi ya kweli na mtu wa nyumbani. Pasi anampa Bibi. Jiko la wali anampa Mama, na mwaka huu tulikula wali mpaka tukaota ugali. Feni analala nayo mwenyewe. Mimi hupewa vitu vya kukaa navyo muda mrefu bila kuongea.

"Hii ni nini?" niliuliza. Lilikuwa sanduku jeusi, bapa, limekwaruzwa pembeni, na rimoti yake ya kushika kwa mikono miwili.

"Gemu. Siku moja mwenyewe kasahau transfoma, kaichomeka ukutani, puu. Nimeibadilisha tumbo zima. Sasa sijui ikipata joto itajizima au vipi. Icheze."

"Mimi sijui gemu, Mjomba."

"Nani amekuambia ushinde? Mimi nataka ipate joto."

Basi nikaiunganisha kwenye televisheni yetu ndogo. Transfoma ikaanza kunguruma chini ya meza kama paka aliyeshiba. Kioo kikawaka, ikaingia filimbi, halafu gitaa, polepole, kama mtu anayepiga kwa ajili yake mwenyewe akiwa amekaa mlangoni. Yalitokea maandishi ya Kijapani. Sikujua hata herufi moja. Chini yake zilichorwa nyumba tatu zimepangana kwenye ukingo wa mto. Ya kwanza ilikuwa na taa dirishani. Ya pili na ya tatu zilikuwa giza.

Nilielewa bila kusoma. Yenye taa ina mwenyewe. Hata kwenye gemu mtu haingii nyumba ya watu bila hodi, nami sikuwa na wa kumpigia hodi. Nikachagua ya pili.

Ndani alikuwapo msichana mwenye kikapu mgongoni na viatu vikubwa kuliko miguu yake. Nyumba aliyopewa ilikuwa imekufa: buibui, kiti cha miguu mitatu, na katikati chungu kikubwa cheusi. Nikamtoa nje. Kulikuwa na majani, mawe, unyoya umeanguka, asali inachuruzika kwenye mti. Kila nilichobonyeza kiliingia kikapuni. Nikarudi, nikavitupa vitatu chunguni, msichana akapanda kigoda na kukoroga kwa mwiko mrefu kuliko yeye, mvuke ukapanda wa kijani, na ikatoka kamba.

Kamba! Kwa majani mawili na unyoya.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti. Bibi aliyekuwa amekaa kwenye mswala akageuza shingo kuona kama kuna mgeni.

Nitaeleza gemu yenyewe ilivyo, kwa sababu nikisema gemu watu wanadhani bunduki. Hii haina adui wa maana. Kuna wadudu wa mviringo kama maandazi wanaokusukuma, ukiwatupia tunda wanaondoka. Hufi. Jua linapanda na kushuka, mvua inanyesha, ukichoka unaweza kumkalisha msichana kwenye benchi naye anashusha pumzi. Kazi yako ni kuokota, kuchanganya, na kwenda mahali ambapo jana hukuweza kwenda. Ukipata kamba, unashuka bondeni. Bondeni kuna jiwe la bluu ambalo likipikwa na mafuta linakuwa taa. Ukiwa na taa unaingia pangoni. Kila kitu unachokitengeneza ni ufunguo wa mahali, na kila mahali pana kitu cha kutengenezea ufunguo mwingine. Na mbali, katikati ya ziwa lililo chini ya kijiji, kinaonekana kisiwa chenye mti mweupe. Nilikitamani tangu siku ile ya kwanza, ila sikuona njia.

Kulikuwa na jambo jingine nililolipenda. Yule msichana haongei. Watu wa kijiji wanakuja kwake, vibandiko vya maneno vinatokea juu ya vichwa vyao, yeye anainamisha kichwa, anatabasamu, basi. Na wanampenda.

Mimi sipendi kuongea. Maneno ninayo, yanajaa mdomoni kama maji ya kusukutua, lakini nikitazamwa tu nayameza. Mwalimu akiniita nisome, darasa zima huinama mbele kama watu wanaosikiliza redio yenye betri zinazokufa. Wateja wakija dukani mimi huwa nyuma ya pazia. Bibi huniita kobe, na akikasirika husema kobe ana nafuu, kichwa hukitoa wakati wa kula.

Siku iliyofuata mashine ilikuwa bado haijajizima, na mambo ya sahani yakaanza.

Nilikuwa ndani ya nyumba yangu, sasa nimeshaondoa buibui, mlango wa kwenye gemu ukagongwa. Akaingia mama mnene mwenye kilemba, ameshika sahani ya mikate. Vibandiko vya maneno vikapita. Mikate ikaingia kikapuni, na sahani ikabaki mezani kwangu. Mama akaondoka. Nikataka kutoka kwenda bondeni.

"Wapi wewe?" akasema Bibi nyuma yangu. Nilidhani amelala. "Na sahani ya watu?"

"Bibi, ni gemu."

"Nimeuliza sahani. Utairudisha lini, na utairudisha na nini?"

Huo ndio mwongozo wa nyumba yetu tangu sijazaliwa. Babu zake Bibi walikuja na biashara kutoka pwani, wakasahau mengi njiani, ila hilo hawakulisahau: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Wakileta sambusa, sahani inarudi na ndizi. Huna ndizi, weka sukari. Huna sukari, weka chumvi, lakini weka kitu.

"Sijui kama inawezekana kurudisha," nikasema.

"Umejaribu?"

Sikuwa nimejaribu. Nikaenda mezani, nikabonyeza, na kweli msichana akaichukua sahani. Nikaweka asali juu yake. Nikateremka hadi kwa mama wa mikate, nikampa. Yule mama akaruka juu, akazunguka, akapiga makofi, moyo mwekundu ukatoka kichwani mwake.

"Unaona?" akasema Bibi. "Ana adabu huyo mama. Ni watu wa wapi hawa?"

"Wajapani."

"Basi Wajapani wamelelewa."

Asubuhi ya gemu iliyofuata mama wa mikate alirudi na sahani kubwa zaidi. Nami nikairudisha na kitu kikubwa zaidi: nilimpikia taa ndogo. Halafu akaja mzee wa nyuki na sinia. Nikamrudishia sinia na dawa ya kikohozi, kwa sababu Bibi alisema yule mzee anavyotembea ana kifua. Halafu pacha wawili wa mvuvi, na bakuli. Ikawa kila nikifungua macho kuna mtu mlangoni na chombo, na kila chombo nakirudisha na kitu juu yake, na kila nikirudisha kinakuja kikubwa. Mimi nilidhani ndivyo gemu inavyochezwa. Nilidhani huo ndio mchezo.

Mjomba akipita na kikombe chake cha chai alisimama kutazama. "Hee, umefungua hoteli? Lini unakwenda pangoni?"

"Nikishamaliza kurudisha vyombo."

"Utakufa masikini kwenye gemu kwa sababu ya bibi yako."

"Na wewe utakufa mchoyo," Bibi akamjibu. "Koleo la jirani liko wapi? Lile uliloazima Ramadhani?"

Mjomba akarudi dukani haraka.

Ile ilikuwa likizo nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Asubuhi nilifua na kupika, mchana nikawasha transfoma. Bibi alileta kazi yake sebuleni: kuchambua vijiti vya udi, kutwanga, kupima sukari ya kupikia. Akiinua macho ananiambia, "Huo mvuke umeshakuwa dhahabu, ipua." Nami naipua. Kwa kuwa hatukuweza kusoma, tulijifunza rangi. Mvuke wa kijani ni kamba na nguo, wa bluu ni taa, wa dhahabu ni chakula, na wa zambarau usiungoje, chungu kitapasuka na msichana atatoka na uso mweusi kwa masizi. Hilo likitokea Bibi alicheka mpaka anashika ubavu. "Kama mimi na udi wa kwanza wa mama mkwe wangu," alisema. "Nyumba nzima ilinuka sukari iliyoungua, na bibi harusi akaolewa hivyo hivyo."

Kuna mchana mvua kubwa ilinyesha Kisenyi, ile inayofanya mabati yapige kelele hadi watu wanaacha kuongea. Kwenye gemu nako ilikuwa inanyesha. Nilimpandisha msichana kilimani, nikamkalisha kwenye benchi chini ya paa la majani, nikaweka rimoti chini. Tukaitazama mvua wote, yeye yake na mimi yangu. Chai ilikuwa na tangawizi. Sikutaka kitu kingine chochote duniani, na nilijua kwamba sitaki, na kujua huko ndiko kulikokuwa kutamu.

Halafu umeme ukakatika. Nikapiga yowe. Lakini uliporudi nikakuta nyumba ya pili bado ina taa dirishani, kama ya kwanza. Gemu ilikuwa imeniweka. Nilikuwa mkazi.

Ijumaa ya juma lililofuata Mjomba alikunja pazia akaegemea ukuta.

"Mwenyewe amepiga simu. Anakuja kesho kuchukua mashine yake."

Nilijua atakuja. Mtu anajua bwawa lina mwisho na bado anaogelea.

"Haijajizima hata mara moja," nikasema.

"Nimeona. Umefanya kazi nzuri." Akajikuna shingo. "Kesho nikimwonyesha nitafuta hiyo nyumba yako."

"Kuifuta kwa nini?"

"Kitu cha mtu kinarudi kama kilivyokuja. Redio naifutia stesheni zangu, simu nafuta picha za majaribio. Mteja hakuleta nyumba mbili zenye taa, alileta moja."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Ile nyumba niliitoa buibui mwenyewe. Nilikuwa na rafu ya vyombo imepangwa kwa rangi, bustani, paka niliyemfuga kwa samaki wa pacha. Nilijua kuwa nikishaachana na mashine huenda nisiione tena. Hilo nililikubali. Lakini kuwa ipo mahali fulani, taa imewaka, mama wa mikate anagonga, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa.

"Usiifute, Mjomba. Nakuomba."

"Si yangu hata nikukubalie. Muombe mwenyewe." Akanitazama kwa makini. "Kwa mdomo wako. Mimi sitakuombea, na bibi yako hatakuombea."

"Mimi ningemuombea," akasema Bibi.

"Mama!" Mjomba akamkatiza.

"Basi, nimenyamaza."

Jumamosi asubuhi nilitunga sentensi. Niliisema kwenye kioo, niliisema nikisugua sufuria: Shikamoo, mimi ndiye niliyeijaribu mashine yako, tafadhali naomba nyumba ya pili uiache. Nilimwazia mwenyewe kuwa kijana wa chuo, mwenye spika za masikioni shingoni, atakayenicheka. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeirudia mara ishirini.

Akaja mwanamke wa umri wa mama yangu, au zaidi, mwenye gambuti za mpira na gomesi, vazi refu la kina mama wa huku, iliyokunjwa kiunoni, kichwani amebeba beseni la plastiki lililofunikwa gunia. Alinuka ziwa. Nilichungulia nyuma ya pazia nikadhani amekosea duka.

"Fundi!" akapaza sauti. "Mashine yangu iko wapi? Imekufa ao imepona?"

"Imepona, mama. Karibu, kaa."

"Sikae. Nimeacha samaki kwa jua huko Ggaba, na msichana wangu wa kuuza anaangalia simu tu. Washa nione."

Mjomba akaiwasha kwenye televisheni yetu, aliyoihamishia kaunta asubuhi. Filimbi ikaingia, na yule mwanamke, aliyesema hakai, akakaa. Mabega yake yakashuka kama yangu yanavyoshuka.

"Banange," akasema taratibu. "Hii muziki. Wewe fundi hujui. Mimi naamka saa ya usiku kungoja mashua, nagombana na watu mpaka mchana. Nikirudi nyumba nafungua hii, naokota maua. Watoto wangu wanasema mama amerukwa akili. Iko na sehemu ya kuvua samaki, mimi sijawahi kugusa! Samaki tena?" Akacheka. Halafu akasogeza kichwa karibu na kioo. "Ngoja. Hii taa ya pili ni ya nani?"

"Ya fundi wangu wa majaribio," akasema Mjomba. "Nataka kuifuta sasa hivi mbele yako, ibaki yako tu kama ulivyoileta." Akashika rimoti. Akasogeza alama hadi kwenye nyumba yangu. Akatazama pazia.

Sentensi yangu yote iliondoka. Shikamoo iliondoka, tafadhali iliondoka. Nilichosikia ni kidole cha Mjomba kikigusa kitufe, na kwenye kioo kikatokea kibandiko chenye machaguo mawili, jekundu na la bluu. Nikatoka nje ya pazia kwa miguu ambayo sikuituma.

"Ni yangu," nikasema.

Ilitoka kubwa. Hata mteja wa duka la pili aligeuka.

Mwanamke wa Ggaba akanitazama juu mpaka chini. "Yako?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Mimi ndiye... naomba usiifute. Sijagusa ya kwako. Kuna paka."

Kwa nini nilisema kuna paka, sijui.

"Paka?" Akamnyang'anya Mjomba rimoti. "Nyabo, njoo hapa. Kaa. Paka unapata wapi, mimi sina paka."

Akaifungua nyumba yangu. Nilikaa ukingoni mwa kiti chake. Ilikuwa asubuhi kwenye gemu. Akamtoa msichana nje, na hapo nami nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona, kwa kuwa usiku wa jana yake nilizima mapema kwa huzuni. Kijiji chote kilikuwa kimesimama mlangoni kwangu. Mama wa mikate, mzee wa nyuki, pacha, hata seremala aliyekuwa hanisemeshi. Walikuwa wamenyanyua pamoja kitu kimoja kikubwa juu ya vichwa vyao, na walipokishusha ilikuwa mtumbwi.

"Kisiwa," nikasema.

"Kisiwa!" Mwanamke akasimama. "Maama! Fundi, angalia! Mimi mwaka mzima natafuta njia ya ile kisiwa! Nimepika kila jani, nimepika mpaka mawe! Wewe umewafanyia nini hawa watu?"

Nikatazama chini. Wote wananingoja. Lakini swali lenyewe nililijua jibu lake, na ukijua jibu maneno hayana pa kujificha.

"Nilirudisha vyombo."

"Vyombo gani?"

"Wakileta sahani, mimi nairudisha, na kitu juu yake. Nyumbani hapa sahani hairudi tupu."

Akatoka kwenye nyumba yangu akafungua ya kwake, ile ya kwanza, ambayo sikuwahi kuingia. Ilikuwa nzuri, imejaa maua hadi dirishani. Na ukutani, kutoka sakafuni hadi darini, kulikuwa na sahani. Sahani juu ya sahani, masinia, mabakuli, zingine zimeegemezwa kitandani. Msichana wake hakuwa na pa kupita.

"Mimi nilidhani ni pambo," akasema mwanamke wa Ggaba. "Nakula mikate ya yule mama bule, kila siku, nasema asante sana, naweka sahani kwa ukuta! Maama yangu! Kijiji yote inanisema!"

Mjomba alikuwa ameshika meza kwa kicheko. Nyuma ya pazia nilimsikia Bibi: "Amekaa na vyombo vya watu? Mwaka mzima? Astaghfirullah."

"Huyo ni nani anasema?" mwanamke akauliza.

"Bibi yangu. Yeye ndiye aliyeniambia nirudishe."

"Jjajja, nisamehe!" akapaza sauti kuelekea pazia. "Mimi ni mtu wa samaki, sikufundishwa!"

"Hujachelewa, mwanangu," pazia likajibu. "Anza na mama wa mikate."

Akacheka tena mpaka akajifuta macho kwa ukingo wa gomesi. Halafu simu yake ikalia, msichana wa kuuza, na Ggaba ikamrudia usoni. Akazima mashine, akaifunga ndani ya leso pamoja na transfoma yake.

"Hiyo nyumba haifutwi," alimwambia Mjomba. "Ukifuta nakuletea samaki ya kuoza." Kwangu akasema, "Lakini mashine naenda nayo, mwanangu. Nyumba yako itakaa kwangu, nitailinda. Paka nitalisha. Kale?"

"Kale," nikasema.

Akapanda boda na furushi lake kifuani. Ilipokata kona ndipo Mjomba alipoona beseni liko bado juu ya kaunta.

"Mama! Beseni lako!"

Aligeuza kichwa, akapunga mkono: kuleni nyinyi! Chini ya gunia kulikuwa na sato wabichi, wakubwa, macho yanang'aa.

Tulikula samaki siku ile, Mama aliporudi naye akala akiuliza nani amefunga ndoa. Sebule ilikuwa kimya bila mngurumo wa transfoma, na mara mbili nilijikuta natazama kioo cheusi. Bibi aliosha beseni kwa ndimu na majivu. Akalisimamisha ukutani karibu na mlango wa chumba changu, mahali ambapo lazima nilione. Sikusubiri aniambie.

Asubuhi iliyofuata niliamka na adhana. Usiku nilikuwa nimeumua unga wa mchele na hamira na iliki, nikakaanga vitumbua uani hadi jua lilipogusa paa, nikavipanga ndani ya beseni, nikafunika kwa kitambaa safi cha Bibi. Nikavaa baibui langu la kutokea. Mjomba aliuliza kama anisindikize. Nikamwambia hapana.

Ggaba nilimuuliza mwanamke wa kwanza, hakunisikia. Nikamuuliza wa pili kwa sauti zaidi, akaninyooshea mkono. Mwenye beseni alikuwa nyuma ya meza yake ya saruji, mikono imejaa magamba, anagombana na mteja. Aliponiona na beseni aliacha katikati ya neno.

"Jana nimerudisha sahani mpaka kidole inauma," alisema. "Yule mama ya mikate ameruka, ameruka!" Akafunua kitambaa, akala kitumbua kimoja pale pale amesimama, akafumba macho. Halafu akanitazama kwa mashaka. "Na sasa hii beseni? Mimi nafanya nini?"

"Ukinirudishia tupu," nikamwambia, "kisiwa hakifunguki."

Alicheka hadi mteja wake akaanza kucheka bila kujua kwa nini. Vitumbua akavimwaga kwenye sinia lake.

Nilishuka Kisenyi kabla ya adhuhuri, beseni lile lile mikononi, limejaa mukene, dagaa wakavu wa ziwani, zito kuliko nilivyoondoka nalo.